Kahawia juu ya kahawia: nilivyoipima sarkoma ya Kaposi

Kazi yangu katika maabara ya patholojia ni kukata bloku za nta zenye vipande vya uvimbe na kuvipaka rangi ili daktari avisome. Kati ya sarkoma, yaani saratani za tishu laini, inayotufikia sana huku kwetu ni ya Kaposi. Mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore waligundua ndani yake virusi vya HHV-8, na ndiyo maana leo tunaithibitisha kwa kutafuta LANA, protini ya virusi hivyo inayokaa kwenye viini vya seli. Kingamwili huinasa, kisha rangi ya DAB huacha vidoti vya kahawia.

Shida ni kwamba uvimbe wa Kaposi huvujisha damu, na chuma chake hubaki kama chembe za hemosiderini, nazo pia kahawia. Sampuli moja ya mguu ilinitesa: hata slaidi ya kulinganishia, isiyotiwa kingamwili, ilijaa kahawia. Sikuwa tayari kumpa daktari jibu la kubahatisha, maana nyuma ya bloku ile kuna mtu. Angiosarkoma, saratani nyingine ya mishipa ya damu inayoweza kufanana na Kaposi, hutaka upasuaji. Kaposi ya mwenye VVU huanza na ARV, na ikishaenea huongezewa dawa za saratani. Utafiti uliochapishwa 2020, wenye wagonjwa wa Kenya na Uganda miongoni mwao, ulionyesha dawa ya paklitakseli ikifanya vizuri kuliko bleomaisini na vinkristini.

Nikakata vipande vingine. Cha kwanza nilikipaka rangi ya Perls, inayogeuza chuma kuwa bluu, na chembe zile zikawa bluu. Cha pili nikakirudia kwa LANA, safari hii kwa rangi ya AEC badala ya DAB, inayotoa wekundu. Kwa kuwa sampuli ilikaa mno kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia tishu ambayo hufunga protini hata kingamwili isizifikie, niliichemsha kwa muda mrefu zaidi katika bafa ya sitreti ya pH 6, juu ya slaidi zenye chaji ili tishu isibanduke. Na jamani, AEC huyeyuka kwenye alkoholi: ifunikeni kwa gundi ya maji.

Vidoti vyekundu vikajitokeza waziwazi ndani ya viini vya zile seli ndefu nyembamba. Daktari akasaini ripoti ya Kaposi. Siku hizi bloku yenye kahawia nyingi naianzia na Perls, kabla sijagusa kingamwili, ambayo ni ghali.