Jezi zilizolala kwenye bani

Mwaka 1998 nilikuwa dobi wa timu. Cheo hicho hakikuandikwa popote, ila shule nzima ilikijua. Siku ya majaribio mwalimu wa michezo alinitazama nikikimbia nyuma ya mpira dakika kumi bila kuugusa, akaniita pembeni. "Wewe utakaa na jezi," akasema. Nadhani alitegemea ninune. Mimi nilishangilia moyoni, kwa sababu anayekaa na jezi husafiri na timu, na timu ikisafiri hula wali.

Shule yetu ilikuwa ndogo, wavulana watupu, mia na ishirini hivi, magharibi ya mji wa Tabora kwenye njia ya Urambo. Kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe. Uwanja tulikuwa nao, tena mpana, ila kona moja ilikuwa na kichuguu ambacho kila muhula kilivunjwa na kila muhula kikaota upya, hivyo mpiga kona alisimama juu yake kama anayehutubia.

Kwa uchache wetu, msimu wa michezo ulikuwa kichekesho. Shule kubwa za mjini zilikuja na timu ya mpira wa miguu, ya wavu na ya mikono, kila moja na watu wake. Sisi tulikuwa na watu kumi na wanne basi. Hao hao wakimaliza mpira wa miguu walivua njumu, wakanywa maji, wakaingia kwenye wavu na tope magotini. Kipa ndiye aliyepiga mashuti ya wavu, maana alikuwa mrefu na kuruka alishazoea. Kwenye mpira wa mikono tulifungwa na kila aliyetaka kutufunga. Njumu zilikuwa jozi tisa. Waliobaki walicheza pekupeku, na nakwambia beki wetu wa pekupeku aliogopwa kuliko wenye njumu wote.

Lakini tulikuwa na Tisa. Jina lake nalihifadhi. Namba ya mgongoni ndiyo iliyokuwa jina lake hata kwa wapishi. Alikuwa kidato cha tatu, mtoto wa mkulima wa tumbaku wa Urambo, mkimya, mabega ya kubeba magogo. Mwaka ule kila mshambuliaji mwenye namba hiyo alijiita Ronaldo, kwa sababu Kombe la Dunia la Ufaransa lilikuwa linakaribia. Yeye hakujiita kitu. Alipata mpira, akageuka, akafunga, akarudi katikati ya uwanja akivuta soksi.

Tatizo lilikuwa jezi. Tulikuwa na seti moja tu, nyeupe, za nailoni, zimechoka. Mtu mmoja aliyewahi kusoma pale alituahidi mpya kutoka Dar es Salaam, akasema atazipakia kwenye treni. Lakini hizo ndizo mvua za El Nino. Maji yalikuwa yamebomoa reli huko upande wa Kilosa na Dodoma, na mizigo ikawa inasubiri watu waishindilie reli mawe upya. Kila tukimuuliza mwalimu, jibu lilikuwa lile lile: "Jezi zipo, zimekwama Dodoma." Ikawa msemo wa bweni. Maharage yakikosa chumvi, chumvi imekwama Dodoma.

Jumatano moja ya mwanzoni mwa Aprili tulicheza kwenye tope tupu. Tulishinda, na mimi nikabaki na jezi kumi na nne zenye rangi ya kahawia. Nilizifua siku hiyo hiyo. Alhamisi ikanyesha. Ijumaa ikanyesha tangu alfajiri, na hadi jioni jezi zilikuwa zinachuruza kwenye kamba bwenini, juu ya vitanda vya watu waliokuwa wananitukana. Jumamosi tulikuwa na mechi mjini.

Wazo la bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku kwa moto, lilikuwa langu mwenyewe, sitamsingizia mtu. Nyuma ya shamba la shule kulikuwa na mzee aliyelima tumbaku ya mvuke, na usiku ule tuliona mwanga wa tanuru lake. Baada ya kengele ya kulala nilifunga jezi kwenye shuka, nikachukua nusu mche wa sabuni, nikapita kwenye ua wa katani. Kutoka nje ya shule usiku ilikuwa kosa la kurudishwa nyumbani.

"Mwadila, baba," nikamsalimu.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigogo akisukumia kuni tanurini. Alinitazama, akatazama furushi. Nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa.

"Una bahati, mwanangu. Leo siku ya sita. Ungekuja siku ya pili ungezitoa zimeloa kuliko ulivyozileta."

Akanifundisha palepale. Siku za mwanzo moto huwa mdogo, jani linatoka jasho na kugeuka njano, na ndani kuna unyevu kama bafuni. Halafu moto unapandishwa kidogo kidogo mpaka jani likauke, na mwisho kabisa, joto likifika kama nyuzi sabini, kinakauka kile kikonyo kinene cha katikati. Alichukua kikonyo kimoja akakivunja sikioni pangu. Kililia ta! "Ukisikia hivyo, limeiva."

Alinifungulia mlango mdogo. Joto lilinipiga usoni kama kofi. Juu, mpaka gizani, majani yalining'inia kwenye fito, safu juu ya safu. Chini mabomba ya bati yalipita sakafuni yakiwa na moto ndani. Nikatundika jezi kwenye ufito wa chini uliokuwa wazi, haraka haraka, macho yakinitoka machozi. Saa moja tu, mzee alisema, na nisizisogeze karibu na bomba.

Nilisinzia kwenye kigogo. Kilichoniamsha ni sauti ya mzee. Jezi moja ilikuwa imeteleza, ubavu wake umegusa bomba. Aliivuta kwa mti huku akitetemeka. "Ungeniteketezea bani zima! Jani moja tu likidondokea pale, mwaka wangu umekwisha!" Aliniambia niondoke na vitambaa vyangu. Sabuni alibaki nayo, kwa haki kabisa.

Kwenye mwanga wa tanuru nilitazama hasara. Zilikuwa kavu, ndiyo, kavu na ngumu kama karatasi. Moja ilikuwa na tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi, kingo zake zimeyeyuka na kuganda kuwa shanga nyeusi. Nikaigeuza. Namba tisa.

Asubuhi tulipanda lori la kubeba kuni za mabani, tukasimama huku tumeshikana mabega. Tulipoingia mjini chini ya miembe, jua likawaka kana kwamba halijawahi kukosekana. Nililichukia. Wachezaji walipoanza kutoka jasho, jezi zikaamka. Sijui nieleze vipi harufu ile: tamu, nzito, inakaa kooni. Watazamaji wa shule mwenyeji walishika pua. "Hawa wamevunwa leo!" mmoja akapiga kelele, uwanja mzima ukacheka. Tukashinda mbili kwa moja, yote mawili ya Tisa.

Mkuu wa shule alifika kwa pikipiki mechi inaisha, akapita kuwapa mkono wachezaji. Kwa wa tatu alipunguza mwendo. Kwa wa sita akasimama.

"Nani anavuta?"

Hakuna aliyejibu. Akaendelea kunusa mtu mmoja mmoja mpaka akafika kwa Tisa, akaona tundu ubavuni, akalishika kwa vidole viwili.

"Na hili?"

"Sijui, Mkuu."

"Hujui. Sigara ilijizima yenyewe kwenye jezi ya shule."

Nilikuwa hatua nne kutoka hapo na ndoo mkononi. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni, tayari. Kisha nikamwona baba yangu akishuka kwenye baiskeli kuja kunichukua, na sentensi ikarudi ilikotoka. Tisa alinitazama mara moja, si kwa hasira, halafu akatazama njumu zake.

Alipewa kisiki. Aliyesoma bweni anajua maana yake: unaonyeshwa kisiki, unapewa jembe na sururu, na adhabu inaisha kisiki kikitoka. Chake kilikuwa cha mninga. Na mechi iliyofuata hachezi.

Wiki nzima nilipita njia ya mbali kwenda darasani. Na kana kwamba haitoshi, Alhamisi winga wetu akashikwa na malaria, wakabaki kumi na wawili, na mwalimu wa michezo akatazama huku na huku akaniona mimi. Nilishona kiraka cha kaki kwenye tundu, kutoka kwenye kaptula yangu ya zamani. Jumamosi kipindi cha pili niliingia uwanjani na jezi namba tisa, ikinifika karibu na magoti.

Tulifungwa tatu bila. Mpira mmoja ulinijia peke yangu na goli, kipa wao ameanguka. Nilipiga dochi kwa nguvu zangu zote ukapaa juu ya mtambaa panya, ukaenda kudondoka kwenye mahindi. Msimu wetu wa mpira wa miguu ukaishia kwenye mahindi hayo.

Jumapili nilikuwa kwenye tangi nafua. Tisa alikuja, akachuchumaa upande wa pili wa beseni bila kuitwa. Kisiki alikuwa amekitoa jana yake jioni. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge yaliyopasuka, na alipovitia kwenye maji ya sabuni alivuta pumzi kwa meno. Akachukua namba tisa, akaipeleka puani. Alikaa hivyo muda, kama mtu anayetafuta jina la ndugu.

"Siku ya ngapi ile? Ya sita?"

Nikaangalia povu.

"Ya sita, kaka."

"Nilijua. Kwetu mzee hafungui mlango siku ya sita hata kwa mtoto wake." Akakamua, akanirushia niishike upande mwingine. "Vuta. Hapo kwenye kiraka polepole."