Anaacha bendi ambayo haipo

Jumapili, saa nne usiku

Leo nimeshinda na Deep Purple, bendi ya roki ya Uingereza, masikioni, tangu kufua mpaka kupiga pasi. Nimeanza na albamu yao ya jukwaani, Made in Japan, kama kawaida yangu, na kama kawaida yangu nimeishia kuwaza Liverpool.

Wengi husema bendi hii ilikufa 1973. Siwalaumu. Mwimbaji Ian Gillan na mpiga gitaa Ritchie Blackmore walikuwa hawaivi tena chungu kimoja. Gillan akaandika barua ya kuacha mwishoni mwa 1972, kisha akaitumikia notisi yake kama karani mwaminifu hadi onyesho la mwisho, Osaka, 29 Juni 1973. Roger Glover wa besi akaondoka naye. Ni Osaka ileile ambako, mwaka haujatimia, walikuwa wamerekodi sehemu kubwa ya hiyo Made in Japan. Sikiliza gitaa na sauti vinavyojibizana mle, utadhani ndugu wa tumbo moja.

Mimi lakini moyo wangu uko kwa waliokuja baadaye. Mwimbaji mpya, David Coverdale, alitolewa kwenye duka la nguo huko Redcar, Uingereza, jina lake halijulikani popote. Glenn Hughes alikuja kupiga besi na kumbe ana koo la dhahabu. Albamu yao Burn ya 1974 naiweka rafu moja na Machine Head ya enzi za Gillan. Anayebisha aje tubishane. Blackmore hakuupenda ule upepo wa funk, 1975 akaenda kuunda bendi yake, Rainbow. Gitaa likashikwa na Mmarekani kijana, Tommy Bolin, na watazamaji wakawa wanamtafuta Blackmore ndani yake. Desemba ile, Tokyo, mkono wake ulikuwa hautii, ikabidi Jon Lord azibe mapengo kwa kinanda.

Bendi kumegeka si ajabu. Simba Wanyika ilipomegeka 1978 tulipata Les Wanyika, na nani alilalamika? Kinachonikaa rohoni ni usiku wa 15 Machi 1976, ukumbi wa Empire, Liverpool. Inasimuliwa kwamba Coverdale alishuka jukwaani akilia, akawafuata Lord na mpiga ngoma Ian Paice kuwaambia anaacha. Akajibiwa hakuna bendi ya kuacha. Wazee wale wawili walishakubaliana kuifunga. Umma ulitangaziwa Julai. Tarehe 4 Desemba Bolin akafariki Miami, ana miaka 25. Ilikuwa miaka mitano kamili tangu kasino ya Montreux, Uswisi, iungue mbele ya macho ya wenzake wa baadaye.

Najua walirudiana 1984, tena na Gillan na Blackmore. Coverdale hakuwemo.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilipiga besi kwenye kikundi cha mtaani. Nilichoka na ugomvi wa zamu za kuimba, nikaamua kuaga. Maneno niliyafanyia mazoezi njia nzima ndani ya daladala. Nilipofungua mlango wa chumba chetu nikamkuta fundi cherehani, vitambaa vimetundikwa pale tulipokuwa tukiegemeza spika.

“Wenzako walihamisha vyombo Jumatatu,” akasema. “Hawakukwambia?”

Nikamjibu waliniambia, nilipitiwa tu.