Usisukume g4 mapema: jinsi kitunda kinavyofungua njia ya shambulizi

Katika sataranji (chesi), vitunda, yaani askari wadogo wa mbele, vikishafungana katikati, ngome na maaskofu hukosa pa kupita. Tishio hapo huanzia kwenye mpasuko: unasukuma kitunda kigongane na cha mpinzani, mstari ufunguke. Kazi kubwa ni kujua lini.

Tazama mchezo wa Najdorf (Mweupe) dhidi ya Gligorić (Mweusi), Mar del Plata, Argentina, 1953, katika Ulinzi wa Kihindi wa Mfalme, mojawapo ya njia za Mweusi za kuanza mchezo. Mweupe ana vitunda c4, d5 na e4 (herufi ni mstari wima wa ubao, nambari ni safu mlalo). Mweusi ana d6 na e5. Mpasuko wa Mweupe ni c5, unaoigonga d6, yaani tegemeo la e5. Wa Mweusi ni f5.

f5 haichezeki farasi akiwa amekaa f6, ndiyo maana kwanza anapelekwa d7. Mweupe akila pale f5, kwa kawaida Mweusi hulipiza kwa kitunda cha g. Akilipiza kwa kete nyingine, farasi wa Mweupe anapanda e4 na hakuna kitunda cha kumfukuza.

Najdorf hakula. Alitia nguvu e4 kwa f3, na Mweusi akasogea f4, kisha g5. Sasa upande ule umebaki mpasuko mmoja tu, g4, na hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanasukuma kabla kete hazijafika, mstari unafunguka bila mtu wa kuutumia, huku Mweupe akiingia c7 kwa mstari wa c uliofunguliwa na mpasuko wake.

Gligorić hakuwa na haraka. Farasi mmoja alirudi f6, mwingine akaenda g6. Ngome ilisimama f7: inalinda c7 kwa ubavu na inaweza kuhamia g7. Askofu alirudi f8 kuishika d6, akaipisha ngome hiyo. Hatua zenyewe ni za kujihami, lakini zinalisha mstari wa g. Ndipo g4, hatua ya 18.

Najdorf akaleta ngome ya pili c1. Jibu: g3! Kitunda kinatolewa bure, kinamgonga askofu wa f2 na kitunda cha h2 kwa pamoja. Mweupe akala kwa kitunda cha h, Mweusi akalipiza kwa kitunda cha f, askofu akala g3, farasi akaruka h5, askofu akakimbilia h2. Mweusi amepungukiwa kitunda, ila mbele ya g2 hakuna tena kizuizi, na kwa kuwa f4 haina kitu, askofu wake wa f8 alipita e7 na g5 hadi e3 akimtishia mfalme. Mweusi alishinda.

Kabla ya kusukuma, hesabu kete zinazokilinda kitunda pale kinapofika, kisha uliza ni kete ya nani itakayoingia kwanza kwenye mstari utakaofunguka. Swali la pili ndilo linalosahaulika. Na kama Mweupe ameshacheza h3, g4 inalindwa na vitunda viwili: tanguliza h5, ili mkilana pale g4, mstari wa h nao ufunguke.