Kiingereza Changu Kiliishia Darasa la 8

Barua pepe ya kunyimwa visa iliingia saa kumi na moja jioni, katikati ya Ramadhani ya 2024. Nilikuwa jikoni kwetu Kibokoni, Mombasa, nakaanga viazi karai, vidole vimejaa rojo la unga, nikaifungua simu kwa kifundo cha kidole. Mamangu aliniangalia uso tu, akapunguza moto.

"Wamekunyima?"

"Wamesema mimi ni Mkenya."

Hakunielewa, wala sikumlaumu. Lakini ndivyo barua ilivyosema, ila kwa maneno marefu zaidi: mwombaji anatoka nchi ambayo Kiingereza ni lugha rasmi na ndiyo inayofundishiwa skulini, na hakueleza kwa nini ahitaji wiki 32 za kusoma Kiingereza huko Bournemouth, Uingereza. Kisha ikaja habari ya pesa: shilingi 600,000 zimeingia kwenye akaunti siku chache kabla ya maombi na haijulikani zimetoka wapi. Basi. Aya mbili, na pauni 200 za ada ya visa zimekwenda na maji.

Nilinuna siku tatu. Siku ya nne, baada ya tarawehe, nikaisoma tena polepole na kamusi mkononi, nikaona kuwa aliyeiandika hakunionea. Nilimpelekea karatasi zisizosema lolote juu yangu, akajaza mwenyewe pale nilipopaacha wazi.

Ukweli wangu ni huu. Nilisoma skuli ya kawaida hadi darasa la 8, kisha nikaingia mahad, skuli ya dini, masomo yote Kiarabu. Kutoka huko nikaenda Khartoum, Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, digrii nzima kwa Kiarabu. Nimerudi Mombasa nikapata kazi ya kufundisha Kiarabu na dini. Kiingereza changu ni cha dukani na cha matatu: naelewa, najibu, nacheka panapochekwa. Lakini niambie niandike ripoti ya mwanafunzi, ukurasa mmoja tu, utanikuta nimeloa jasho. Nilitaka kusomea shahada ya pili ya tafsiri, na vyuo vyote nilivyoviandikia vilitaka alama 6.5 ya IELTS, mtihani wa Kiingereza. Nilipoufanya mtihani huo mara ya kwanza, kwenye kuandika nilipata 4.5.

Na hapa pana kichekesho. Ukitaka kuingia chuo kikuu Uingereza, Kenya haimo kwenye orodha ya nchi ambazo wananchi wake hawaulizwi ushahidi wa Kiingereza. Yaani ukiomba digrii unaambiwa thibitisha kwamba unakijua, na ukiomba kwenda kujifunza unaulizwa kwani hukijui?

Kabla ya kuiomba Uingereza mara ya pili nilipiga hesabu ya nchi nyingine. Marekani shule ikupe kwanza fomu ya I-20, ya kuonyesha wamekupokea, ulipe (kwa bei za wakati ule) dola 350 za SEVIS, daftari lao la wanafunzi wa kigeni, na dola 185 za visa, kisha usimame mbele ya ofisa Nairobi ujieleze kwa dakika chache kwa lugha ileile unayokwenda kujifunza. Mimi nikibanwa kwa Kiingereza hata jina langu husahau. Australia niliiondoa pale walipopandisha ada ya visa ya masomo kutoka dola zao 710 hadi 1,600, Julai 2024. Kaka yangu alikuwa akipigia debe Ayalandi, kwa kuwa kozi ya wiki 25 iliyomo kwenye orodha ya serikali yao hukuruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki. Ni kweli, na kwa mwenye haja hiyo ni njia nzuri. Lakini mimi kazi ninayo, imenisubiri Mombasa, na binti wa shangazi yangu anaishi karibu na Bournemouth.

Sasa niseme jambo ambalo lingeniokolea pesa kama ningelijua mapema. Uingereza, mtu anayekwenda kusoma Kiingereza peke yake ana milango miwili, na wala si ile visa ya mwanafunzi wa chuo kikuu. Kozi isiyozidi miezi 6, anaomba visa ya kawaida ya mgeni. Mwaka ule ilikuwa pauni 115. Kozi ya zaidi ya miezi 6 hadi 11, kuna visa ya masomo ya muda mfupi ya Kiingereza, pauni 200, na juu yake ada ya afya ya pauni 776. Kwa ubadilishaji wa Agosti 2024, ada hiyo ya afya pekee ilikaribia shilingi 130,000. Aprili 2025 visa zote mbili zilipanda, ya mgeni ikawa 127 na ile nyingine 214. Visa zote mbili hazikuulizi IELTS. Ni sawa na kwenda kujifunza kuogelea. Hakuna atakayekuuliza cheti cha kuogelea.

Mimi cheti niliulizwa, na dalali. Ofisi yake juu ya duka la simu, ngazi nyembamba, ukutani bendera za nchi kumi. Alichukua shilingi 25,000 zangu, akaniambia IELTS ni lazima (ndiyo ile niliyopata 4.5), na yeye ndiye aliyemwambia ami yangu, ndugu mdogo wa babangu, "Mzee, akaunti ya binti lazima inone." Ami ni mtu wa biashara ya vipuri, mkono wake mwepesi. Akatia 600,000 kwa mkupuo mmoja. Barua ya maombi aliiandika kijana wa dalali kutoka kwenye kompyuta, akibadilisha jina tu: nchi yenu tukufu, elimu ya kiwango cha dunia, utamaduni wenye kuvutia. Niliitia sahihi bila kuimaliza kusoma.

Mara ya pili sikumtafuta dalali. Nilikaa na kaka yangu na kompyuta yake mezani, usiku baada ya isha, wiki mbili hivi.

Barua ndiyo iliyotula muda. Niliiandika kwanza kwa Kiswahili, maana nikiandika moja kwa moja kwa Kiingereza huishia kusema ninachojua kukisema badala ya ninachotaka kusema. Nikaeleza skuli ziliponiachisha Kiingereza, mwaka na mahali. Nikaambatisha matokeo ya IELTS, yale ya aibu, 4.5 yake ikionekana wazi. Nikatia nakala ya barua ya chuo kimoja kinachodai 6.5. Nikaeleza kwa nini wiki 32 wala si 12: mwalimu wa ile shule ya Bournemouth alinipima kwa mtandao, akaandika ngazi niliyopo na ngazi nitakayofika. Mkuu wa skuli yangu akanipa barua ya likizo bila mshahara, na tarehe ya kurudi darasani. Kisha nikaigeuza yote kwa Kiingereza mwenyewe. Kaka alitaka kuinyoosha. Nilimruhusu arekebishe tarehe na majina ya mahali, basi. "Ukiiacha hivi itaonekana mbovu," akasema. Nikamwambia ndiyo maana naenda.

Shule nayo ichunguzwe. Lazima iwe na ithibati inayotambuliwa na serikali yao. Wengi hutazama ile ya British Council. Na kozi yenyewe iwe ya Kiingereza peke yake. Ukichanganyiwa kompyuta au uhasibu visa hii haikufai tena. Barua ya kupokewa ionyeshe jina la kozi, muda wake na gharama, makazi yakiwemo.

Upande wa pesa, visa hii haina kiwango kilichopangwa. Unachotakiwa ni kuonyesha kwamba utajikimu bila kufanya kazi, au jamaa atakukimu na pesa zake zinaonekana zilikotoka. Basi nilimrudishia ami 600,000 zake zote. Badala yake akaandika barua ya udhamini, akatoa taarifa za benki za duka za miezi 6, leseni ya biashara na risiti za kodi. Kulikuwa na kazi ya kuthibitisha kuwa yeye ni ami yangu kweli. Cheti chake cha kuzaliwa kipo, cha babangu hakijulikani kiliko, hivyo tukaenda kwa wakili wakaapa kuwa ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Babangu alitoka pale akicheka: "Miaka 60 nimekuwa nduguye, leo ndio nimepewa karatasi." Mimi nilitia akiba yangu ndogo, na kwa kuwa mshahara wangu huingia kwa M-Pesa, nikachapisha taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima na kuweka alama kwenye kila mshahara na kila mchango wa chama. Kurasa zilikuwa nyingi, lakini kila shilingi ilikuwa na baba.

Halafu shahada yangu ya Khartoum. Mara ya kwanza niliitafsiri mwenyewe. Mwalimu wa Kiarabu nimlipe mtu anitafsirie Kiarabu? Kumbe wanataka tafsiri yenye maneno ya mtafsiri kwamba ni sahihi, tarehe, jina lake kamili, sahihi yake na mawasiliano yake, na mtu hawezi kujishuhudia mwenyewe. Nililipa. Nilishukuru tu kwamba shahada ya asili ilikuwa kabatini kwa mamangu. Tangu vita vilipoanza Sudan tarehe 15 Aprili 2023, wenzangu walioziacha karatasi zao chuoni wanazitafuta hadi leo.

Kitu kimoja tu cha mara ya kwanza ndicho kilichonifaa tena: cheti cha kifua kikuu. Mkenya anayekwenda zaidi ya miezi 6 lazima apimwe, na hupimwa kwenye kliniki inayokubaliwa tu. Mimi nilipanda treni kutoka Miritini, shilingi 1,500, hadi kliniki ya IOM, shirika la uhamiaji, Nairobi. Picha ya kifua, maswali machache, kwisha. Cheti hukaa miezi 6. Changu kilikuwa cha mwisho wa Februari, kwa hiyo nilihakikisha maombi ya pili yameingia mapema Agosti kabla hakijafa. Na ile pauni 776 ya mara ya kwanza ilirudi yenyewe kwenye kadi ya ami. Ukinyimwa ada ya afya hurudi, ya visa hairudi.

Alama za vidole hutolewa upya kila ukiomba, na hapa naomba akina dada wanisikilize. Mwisho wa Julai kulikuwa na harusi ya binamu yangu. Mwanamke wa Mombasa haendi harusini mikono mitupu, nikapakwa hina, na ncha za vidole nikachovya piko nyeusi tititi. Wiki moja baadaye niko Nairobi, kwenye kituo cha maombi, nimeweka mkono juu ya kioo. Mashine ikawaka, ikazima. Mhudumu akanishika mkono akaugeuza.

"Dada, hii itatoka lini?"

"Ya harusi," nikasema, kana kwamba ndilo jibu.

Alinipangia siku nyingine, wiki iliyofuata. Nilikaa South C kwa shangazi nikisugua ndimu na chumvi, kisha dawa ya meno, kisha jiwe la kusugulia miguu hadi ngozi ikawasha. Shangazi alikuwa akiniangalia kwa huzuni, maana piko ile ilikuwa imekaa vizuri kweli. Maelekezo yalisema vidole visiwe na mapambo wala majeraha. Nilikuwa nimeyasoma. Ila neno lenyewe la hina kwa Kiingereza sikulijua, nikalipita.

Mara ya pili mashine ilikubali, ingawa kidole gumba cha kulia kilirudiwa mara nne.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu kasoro siku moja. Safari hii sikulifungulia jikoni. Visa ilinipa muda wa kozi na siku 30 juu yake. Hairuhusu kazi yoyote, hata ile ya mazoezi isiyolipwa, haiongezwi ukiwa huko, na huwezi kumchukua mume wala mtoto kwa visa hiyo. Binti wa shangazi alikuwa na rafiki mwenye mkahawa aliyetaka nimsaidie Jumamosi, "mambo ya kifamilia tu". Nilikataa, akanuna kidogo, akapoa.

Nimerudi Mei 2025. Kuandika nilipata 6.5, hiyohiyo, wala nusu haikuzidi. Kama haja yako ni ya kuzungumza tu, miezi 3 kwa visa ya mgeni yakutosha, bila ada ya afya, bila kipimo cha kifua kikuu, na pesa inayobaki utaishi nayo.

Wanaotaka kwenda siku hizi huja nyumbani baada ya alasiri, mamangu huwatilia chai. Huniomba niwaonyeshe barua iliyokubaliwa waige. Mimi huwatolea kwanza ile ya kunyimwa, niliitoa nakala. Iliyopo sasa ni nakala ya tatu. Mbili za mwanzo waliondoka nazo.