Siku moja maishani mwangu: kubuni skrini inayosomeka hata ikigeuzwa kichwa chini

Saa 1:30 asubuhi

Sijafungua hata kompyuta, tayari niko mbele ya kabati la halijoto. Humo ndani kuna skrini kadhaa zilizolala usiku kucha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na nataka kuziona kabla mtu hajafungua mlango.

Kazi yangu ni kubuni skrini za LCD, yaani za fuwele kioevu, za vifaa vya mawasiliano vya kushika mkononi. Si simu janja, hizo zina watu wake na pesa zake. Mimi ni wa simu za upepo, zile za kubonyeza kitufe ndipo uzungumze, wanazotembea nazo walinzi, wazima moto, watu wa bandarini na wa migodini. Skrini zake ni ndogo, nyeusi kwa kijivu, hazina mapambo. Lakini kioo hicho hicho kimoja kinatakiwa kisomeke kwenye jua kali, gizani, kwenye baridi ya kugandisha, kikiwa mkononi, mkandani au kimebanwa kifuani. Na betri isiulizwe kitu.

Kupitia dirisha la kabati nabadilisha chaneli, kutoka 07 kwenda 08. Ile 7 haiondoki. Inakuwa kijivu, halafu 8 inaanza kujitokeza juu yake taratibu, na kwa muda fulani mkia wa 7 unaonekana ukikatiza tumbo la 8. Mtu aliye na haraka hapo anaweza kusoma chochote anachotaka.

Fuwele kioevu ni kimiminika ambacho molekuli zake ndefu zimejipanga kuelekea upande mmoja. Ukiziwekea umeme zinageuka, na kugeuka kwake ndiko kunakoruhusu au kuzuia nuru. Baridi ikizidi, kimiminika kinakuwa kizito kama grisi, molekuli zinageuka kwa uvivu. Volteji inayohitajika nayo inapanda, ndiyo maana skrini isiyo na fidia ya halijoto hufifia kwenye baridi. Hizi hazijafifia. Chipu inasoma joto na kuongeza volteji inavyotakiwa. Kwa hiyo tatizo la leo ni kasi, na kasi haitibiwi kwa volteji peke yake.

Saa 3:00

Hesabu. Muda wa molekuli kugeuka unafuata mnato wa kimiminika na mraba wa nafasi iliyopo kati ya vioo viwili. Nafasi yangu sasa ni mikromita 6. Nikiibana iwe 5, muda unashuka hadi asilimia 69 hivi ya ule wa mwanzo. Inavutia, sivyo? Lakini rangi ya skrini inategemea unene huo ukizidishwa na uwezo wa kimiminika kuipasua nuru kwenye mielekeo miwili, kitu ambacho sisi tunakiita delta-n. Leo nina 6 mara 0.14, yaani 0.84. Nikienda kwenye 5, lazima nipate kimiminika chenye delta-n ya 0.168 ili nibaki palepale, na vimiminika vya namna hiyo mara nyingi huwa vizito zaidi. Unachokipata kwa mkono huu, mnato unakudai kwa mkono wa pili.

Halafu kuna kiwanda. Kosa la mikromita 0.1 kwenye nafasi ya 6 ni asilimia 1.7, kwenye 5 ni asilimia 2. Linaonekana kidogo kwenye karatasi, ila kwenye kioo linatokea kama doa la rangi ambalo mteja atalisugua kwa kidole akidhani ni uchafu.

Huwa nakumbuka kwamba mtu wa kwanza kuiona hali hii ya fuwele kioevu, Friedrich Reinitzer, alikuwa mtaalamu wa mimea. Mwaka 1888 alipasha kemikali moja na kukuta inayeyuka mara mbili: kwenye nyuzi 145.5 ikawa kimiminika chenye ukungu, na kwenye 178.5 ukungu ukatoweka. Skrini zote za LCD zinaishi ndani ya ule ukungu. Kwa miaka mingi hakukuwa na kemikali ya kuaminika iliyobaki katika hali hiyo kwenye joto la kawaida la chumba, mpaka George Gray na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, walipotangaza zao mwaka 1973. Siku hizi tunachanganya kemikali nyingi pamoja ili ukungu uanze kwenye baridi kali na uendelee hadi joto la gari lililofungwa madirisha juani. Ukivuka kikomo cha juu, skrini nzima inakuwa rangi moja, herufi zinapotea, na zinarudi ikipoa.

Naagiza sampuli mbili za nafasi ya 5.

Saa 4:30

Kikao na mkuu wa bidhaa. Ameingia na simu yake mkononi, na nimeshajua itatumika kama ushahidi.

"Mistari 64 ya nukta ni michache. Nataka 128."

"Inawezekana, bosi. Ila juani hutaisoma."

Skrini yetu haina transista, yaani swichi ndogo ya umeme, kwenye kila nukta. Mistari inapewa umeme kwa zamu. Nukta inapata volteji yake halisi kwa muda mfupi, zamu ya mstari wake inapofika. Muda mwingine wote inapokea mabaki ya volteji zinazokwenda kwa majirani. Kimiminika hakioni zamu, kinaona wastani tu. Paul Alt na Peter Pleshko wa IBM walishaweka kikomo chake kwenye hesabu mwaka 1974: kwa mistari 4, nukta iliyowashwa inaweza kupata volteji mara 1.73 ya iliyozimwa. Kwa mistari 64 ni mara 1.134. Kwa 128 ni mara 1.093. Hakuna chipu, hakuna programu, hakuna kiwanda kitakachokupa zaidi ya hapo ukibaki na njia hii ya kuchukua mistari mmoja mmoja.

Ndiyo sababu miaka ya 1980 watu walibuni aina ya skrini iitwayo STN, ambamo molekuli zinasokotwa hadi nyuzi 240 au zaidi badala ya 90. Msokoto huo unafanya kimiminika kiitikie tofauti ndogo sana ya volteji. Lakini "ndogo sana" ina mwisho wake, na ukiukaribia, badiliko dogo la joto au la pembe ya jicho linakulia kontrasti yote.

"Mbona hii yangu ina mistari zaidi ya elfu mbili?" Simu imewekwa mezani.

"Hiyo kila nukta ina transista yake, inashika chaji hadi zamu ijayo. Na taa yake ya nyuma haizimwi. Hebu iache imewaka zamu nzima ya mlinzi uone betri."

Skrini yetu, taa ikiwa imezimwa, inakula umeme wa kuhesabika kwa mikroampea. Taa ikiwaka tunahamia kwenye miliampea. Ubishi ukaishia hapo, kwa mistari.

Ukaanza ule mkubwa: alama. Kwenye toleo la zamani kuna mstari wa 65, wa alama zilizochorwa moja kwa moja kwenye kioo: betri, mnara, kufuli. Zinapendeza, kingo zake ni laini, na watumiaji wamezizoea. Mimi nataka zitoke. Kifaa kikibanwa kifuani, anayekivaa anakitazama kutoka juu, kwa hiyo maandishi lazima yageuzwe kichwa chini ili yeye ayasome sawasawa. Chipu inaweza kugeuza nukta zote kwa amri mbili, moja ya mistari na moja ya safu za wima. Haiwezi kugeuza umbo lililochongwa kwenye kioo. Mnara utaning'inia miguu juu, na alama zilizokuwa juu zitajikuta chini.

Kwa hiyo zichorwe kwa nukta. Tutatoa mistari 8 ya juu, ibaki 56, ambayo ni safu saba za herufi zenye kimo cha nukta 8. Herufi kubwa za chaneli bado zinaingia. Amekubali kwa shingo upande, nami nimeandika kwenye kumbukumbu za kikao kabla hajafika mlangoni.

Saa 7:00 mchana

Nje, juani. Ofisini mwanga ni kama laksi 300 hadi 500. Jua la moja kwa moja linafika laksi 100,000. Skrini ya kutegemea taa ya nyuma hapa inaomba msaada. Yetu ina tabaka nyuma ambalo linarudisha sehemu ya nuru na kupitisha nyingine, kwa hiyo jua likizidi inazidi kusomeka. Huu ndio wakati pekee kwa siku ninapoonea fahari skrini ya kijivu.

Nimebeba miwani ya jua yenye polaraiza, kichujio kinachopitisha nuru inayotetemeka kwa mwelekeo mmoja tu. Skrini yenyewe ina karatasi za polaraiza mbele na nyuma, na ikiwa mhimili wa ile ya mbele umekingamana na wa miwani, mvaaji anaona kioo cheusi tupu. Naizungusha skrini polepole: wima inasomeka, nikiilaza inazimika kabisa. Dawa ni utando mwembamba juu ya karatasi ya mbele unaoifanya nuru itoke ikizunguka, ili isijali miwani imekaa vipi. Unaongeza gharama. Nitaupigania.

Saa 8:30 mchana

Skrini moja imerudi kutoka majaribio ya mtikisiko wa joto ikiwa imepoteza safu moja ya nukta, wima, upande wa kulia. Ukiipasha, safu inarudi. Ikipoa, inaondoka tena.

Naiweka chini ya hadubini, kioo juu, nikitazama mahali chipu ilipobandikwa kwenye ukingo. Chipu haikuunganishwa kwa risasi ya kulehemu. Kati yake na kioo kuna gundi iliyotawanywa vipunje vya plastiki vyenye koti la nikeli na dhahabu, kila kimoja mikromita chache tu. Kichwa cha moto cha mashine kikikandamiza, vipunje vilivyonaswa kati ya pedi mbili vinabonyezwa na kupitisha umeme. Vingine vinabaki vinaelea kwenye gundi bila kugusana, kwa hiyo pedi jirani hazichanganyiki. Ukitazama kutoka chini ya kioo unaona alama zao, vidimbwi vidogo kwenye pedi.

Upande wa kushoto vidimbwi viko wazi, vingi kwa kila pedi. Ninapoelekea kulia vinapungua makali. Pedi za mwisho zina vipunje, tena vya kutosha, ila havijabonyea. Bado ni duara safi. Kichwa cha moto hakikulala sawa. Skrini ikipoa, pedi inaachia. Ikipata moto, inagusa tena. Napiga picha kuanzia kushoto hadi kulia na kuzituma kwa waliounganisha, pamoja na ombi la kipimo cha usawa wa kichwa chao. Sikuandika neno la ukali. Picha zimejitosheleza.

Saa 10:00 jioni

Mwenzangu wa programu amekuja na kifaa kilichofunguliwa mgongo. Tunajaribu ule mgeuzo wa kifuani.

Kioo chetu kimepangwa kitazamwe vizuri kutoka upande wa chini, kwa kuwa ndiko jicho lilipo mtu akishika kifaa mkononi. Ukikivaa kifuani, jicho linahamia upande wa juu wa kioo. Maandishi yamegeuka, lakini molekuli hazijageuka, na kutoka huko zinaonekana zimefifia. Tukapandisha volteji ya skrini hatua kwa hatua. Herufi zikakolea. Hatua chache zaidi, nukta zilizozimwa nazo zikaanza kuchafuka ukitazama moja kwa moja mbele. Tukarudi nyuma kidogo, tukakubaliana: majedwali mawili ya volteji, moja la mkononi na moja la kifuani, yote yakifuata joto.

"Na kifaa kitajuaje kiko wapi?" nikamuuliza.

"Kihisi cha mwendo."

"Kaka, kifuani kiko wima. Mkononi pia kiko wima."

Akacheka, akakuna kichwa. Kihisi cha mwendo kinajua dunia iko upande gani, hakijui nani anatazama. Tumeishia kwenye sumaku ndogo ndani ya kibanio cha kifuani na kihisi cha sumaku mgongoni mwa kifaa. Ukikibana, skrini inageuka na jedwali linabadilika. Ni rahisi, na haina haja ya kubahatisha.

Alitaka pia kupunguza idadi ya fremu kwa sekunde aokoe umeme. Tukajaribu 40. Chini ya taa za dari skrini ikaanza kupepesa, nikamrudisha 80. Mkondo lazima ubadilishe mwelekeo kila mara, kwa sababu umeme wa upande mmoja ukibaki kwenye kioo kwa muda mrefu unakiharibu kimiminika. Hilo halina mjadala, hata betri ikilia.

Saa 11:30 jioni

Mchoro wa kioo umesahihishwa: mistari 64, alama zimeondolewa, sampuli mbili za nafasi ya 5 na moja ya 6 ya kulinganisha. Kabati nimeliweka nyuzi 60 na unyevu wa asilimia 90, zamu ya karatasi za polaraiza kuteseka.

Nikiwa nafunga kompyuta, ujumbe wa mkuu wa bidhaa ukaingia. Anauliza kama, kwa kuwa alama zimetoka na nafasi imebaki, nembo ya kampuni inaweza kuchongwa kwenye kioo, pale juu.

Nikamjibu iwekwe kwenye plastiki ya mbele, kwa wino. Na kwamba hata huko, kifuani itasomwa kichwa chini.