Siku moja na mazulia ya kulabu, Portland, Maine

Saa mbili asubuhi nafungua karakana. Kazi yangu ni kukarabati mazulia ya kulabu, yale ambayo akina mama wa New England, kaskazini mashariki mwa Marekani, waliyatengeneza kwa nguo chakavu za sufu: wanakata vipande vyembamba, wanavivuta kwa kulabu toka chini ya gunia vitokeze juu, tundu kwa tundu. Yalikuwa ya kukanyagwa. Leo watu wanayakusanya kama sanaa, na mengine yamehifadhiwa Shelburne Museum kule Vermont.

Saa tatu, zulia la kwanza: simba amejilaza kati ya majani. Kabla ya kutazama uso naligeuza nione mgongo wake. Ni juti, basi ni la kuanzia miaka ya 1850, magunia hayo yalipoenea. Mistari ya chapa bado inaonekana. Mchoro huu ni wa Edward Sands Frost, mchuuzi wa vyombo vya bati wa Biddeford, hapa hapa Maine, aliyekata mabati yakawa vielezo vya kuchapia michoro, akauza magunia yaliyokwisha chapwa.

Wakusanyaji wanampenda simba huyu. Mimi moyo wangu uko kwa la pili, farasi aliyechorwa kwa mkono wa mwenye nyumba. Miguu yote minne imeelekea upande mmoja. Jicho ni kipande cha flana nyekundu. Anga inaanza kahawia, halafu katikati ya mstari inageuka kijivu, maana koti liliisha na mama yule akachukua jingine. Kila uamuzi wake uko wazi mbele yako! Kielezo hakikupi hayo.

Hadi saa saba nashona. Juti ikizeeka hukatika kama jani kavu, hivyo naweka kiraka cha kitani kwa nyuma, kisha narudisha sufu ileile. Gundi, hapana kabisa. Inaozesha gunia, na kuibandua ni kulichana.

Saa nane anapita kijana wa Bukavu anayetuletea mizigo.

"Dada, matambara haya yanalipiwa pesa?"

"Sana. Njoo umwone farasi."

Akainama, akacheka lile jicho, akauliza nani kalichora. Hakuna jina popote.

Saa kumi mwenye farasi anapiga simu: anataka kumtandika sakafuni sebuleni. Namsihi amshone kwenye kitambaa kilichowambwa kwenye fremu, amtundike mbali na jua. Amekubali. Namviringisha farasi uso ukiwa nje, bila kumkunja, nafunga.