Nyoka wa Mwalimu

Julai 2011 baridi ya Arusha ilikuwa ya kutoa machozi, na ndio mwaka ule wa mgao mkubwa wa umeme. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo, kazi yangu pale nyumbani Sakina ni kumsaidia Mama na vifaranga wake hamsini. Ndipo mwalimu wangu wa biolojia, aliyekuwa anakwenda Dar kutibiwa, akaniomba nimtunzie nyoka wake kwa wiki tatu.

Si chatu wala swila. Nyoka wa kahawia, urefu wa mkono wangu, na mstari hafifu kila upande wa kichwa unaopita kwenye jicho. Ni wale wanaoingia stoo kuwinda panya, wakaishia kupigwa fimbo bure, maana hawana sumu. Kibali cha idara ya wanyamapori Mwalimu alikuwa nacho, akamwonyesha Mama.

"Sasa hiyo karatasi ndiyo itamzuia kuning'ata?" Mama aliuliza. Tukakubaliana sanduku likae stoo na komeo liwe la nje.

Lilikuwa sanduku la mbao lenye kioo mbele, refu kama hatua moja. Chini limetandikwa magazeti. Kushoto kuna globu ndani ya wavu wa kuku, ili nyoka asijizungushe juu yake akaungua. Vipimajoto viwili, kimoja kila mwisho, na vigae viwili vya chungu pa kujificha. Karatasi ya maelekezo ilikuwa fupi: kushoto 30, kulia 25, maji yasikauke.

Mimi nikajiona najua zaidi. Magazeti niliyaona umaskini mtupu. Mnyama analala juu ya matokeo ya Simba na Yanga! Na globu kukaa pembeni niliona ni uzembe. Baridi yote hii, kwa nini nusu ya nyumba ikose moto? Nikaihamishia katikati. Kisha nikaenda kwa fundi seremala mmoja kule Unga Limited, akanijazia kiroba cha maranda mekundu yanayonukia vizuri.

"Mwangati huo, dogo. Mchwa hawaugusi," alinisifia.

Nilipomwaga yale maranda, stoo nzima ikanukia kama penseli iliyochongwa sasa hivi. Nikampa nyoka panya mdogo, akammeza, nikalala nikijipongeza.

Kesho yake mchana nilimkuta amejikunja ndani ya bakuli la maji. Nikadhani anaoga. Vipimajoto vyote viwili vilisoma 33. Siku ya tatu usiku umeme ukakatika, haukurudi hadi asubuhi. Nilipofungua stoo nilikaribishwa na harufu ambayo sitaisahau: yule panya ametapikwa, manyoya yamelowa, nusu ameoza. Nyoka mwenyewe alikuwa ameinua kichwa, mdomo wazi kidogo, anatoa sauti nyembamba kama ya pua iliyoziba.

Nilimwita Mama. Sijui kwa nini yeye, labda kwa sababu hakukuwa na mwingine. Akasimama mlangoni, kanga ameishikilia puani, akainusa hewa.

"Hii ni mwangati?"

"Ndiyo, Mama."

"Huo tunatengenezea masanduku ya nguo ili wadudu wafe. Wewe umemtandikia kiumbe alale humo, kisha ukafunga mlango? Hata vifaranga wangu siwapi maranda bila kuuliza ni ya mti gani." Akasogea hatua moja, mbili hakuthubutu. "Na hiyo taa ya katikati, akisikia joto akimbilie wapi?"

Ndipo nikaona nilichokuwa nakitazama kila siku kwenye bruda yake, kile kizimba cha kulelea vifaranga kwa joto la globu. Vifaranga wakijibana chini ya globu, wana baridi. Wakiikimbia, wameungua. Wakitawanyika wanadonoa, joto linatosha. Mama hakuwahi kuwa na kipimajoto, ila kila mara aliacha nafasi ya kukimbilia. Nyoka naye hatengenezi joto lake. Hulitafuta kwa kuhama. Tumbo likipoa, chakula hakisagiki, kinaoza ndani, anakitapika. Nilikuwa nimempika mchana, usiku nikamgandisha.

Maranda yote niliyatupa kwenye shimo la takataka, sanduku nikalifuta kwa maji ya moto, magazeti yakarudi. Globu ikarudi kushoto. Mwalimu kwa simu hakunigombeza, alisema tu nisimlishe kwa siku kumi, kisha nianze na kipanya kidogo zaidi. Kwa usiku wa giza Mama alinipa dawa yake ya bruda: galoni la lita tano la maji ya moto, limeviringishwa kanga, liwekwe upande mmoja tu. Kanga aliyoitoa iliandikwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nilicheka, yeye hakucheka.

Ile sauti ya pua ilikwisha baada ya siku chache. Siku ya kumi na moja alimeza kipanya, akakaa nacho upande wa kushoto siku mbili, kisha akahamia kulia, chini ya kigae.

Mwalimu aliporudi aliinua kioo, akaligusa galoni, akasoma maandishi ya kanga, akamtazama Mama.

"Hiyo msinirudishie," Mama alisema. Jumamosi yake Mwalimu akamletea doti mpya.